Kusomea RT Marekani: Mwongozo kwa Anayeanza Kutoka Sifuri

Maswali ni yale yale kila mara. RT ni nani hasa? Inachukua miaka mingapi? Mimi nilikuwa nesi Mwanza, naweza kuhamisha cheti? Nina grini kadi na nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa nesi), nianzie wapi? Nimeyajibu kwenye simu, kwenye magrupu ya WhatsApp na nje ya kanisa baada ya ibada. Leo nayaandika mahali pamoja ili nikiulizwa tena nitume hii.

RT (respiratory therapist) ni mtaalamu wa upumuaji. Hospitalini ndiye anayeendesha mashine za kupumulia, anayetoa damu kwenye ateri kupima gesi, anayewapa dawa za kuvuta wagonjwa wa pumu na COPD (ugonjwa sugu wa mapafu), anayenyonya makohozi kwenye mirija, na anayeshika kichwa na puto la hewa mgonjwa anapozimika. Nyumbani kazi hizi zimegawanywa kati ya manesi, wataalamu wa usingizi na wafiziotherapia. Marekani ni taaluma inayojitegemea, yenye shule zake, mtihani wake na leseni yake. Wizara ya Kazi ya huko ilitoa mshahara wa kati wa mwaka 2023 kuwa dola 77,960 kwa mwaka, kabla ya kodi. California na New York hulipa zaidi, na pango la nyumba nalo huchukua zaidi.

Kuna RT wengine pia. Anayepiga eksirei huandika RT baada ya jina lake, na anayetibu saratani kwa mionzi naye huitwa hivyo. Unapotafuta programu soma jina lote, vinginevyo utajaza fomu ya kozi usiyoitaka.

Kabla hujaanza

Hakikisha una haya, au unajua utayapata wapi:

- Hadhi ya uhamiaji inayokuruhusu kusoma na kufanya kazi. Hapa ndipo watu wanapotapeliwa, kwa hiyo nitarudi chini kidogo.
- Cheti cha kidato cha nne na cha sita, au KCSE, pamoja na matokeo halisi. Kama ulifika chuo, tafuta transkripti na si kile cheti cha kutundika ukutani pekee.
- Jina moja kwenye karatasi zote. Kama pasipoti inasema Juma Hamisi Bakari, cheti cha shule kinasema Bakari Juma, na leseni ya udereva imerukwa jina la kati, anza kurekebisha leo. Siku ya mtihani wa taifa kitambulisho kisipofanana na jina ulilojisajilia, unarudishwa mlangoni na ada imekwenda.
- Kiingereza cha kusikia kwenye simu mbaya, usiku, kukiwa na kelele. Cha darasani hakitoshi.
- Miaka mitatu ya subira. Programu yenyewe ni miaka miwili, lakini kozi za awali hula mwaka au zaidi, hasa ukisoma huku unafanya kazi.
- Tumbo gumu. Damu watu huizoea upesi. Makohozi ya mgonjwa mwenye tundu shingoni, yanayoruka mpaka kwenye miwani yako, ndiyo huwashinda wengi.

Sasa uhamiaji. Manesi na wafiziotherapia wana mlango maalumu wa grini kadi unaoitwa Schedule A. RT hayumo. Mtu akikwambia atakuletea viza ya kazi ya RT ukiwa Dar au Nairobi, na anataka umtumie pesa ya kufungulia faili, funga simu. Ukija kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 unaruhusiwa kusoma, kwa ada ya mgeni, na ukihitimu unapata OPT ya miezi 12 ya kufanya kazi. Baada ya hapo njia inakuwa nyembamba, kwa sababu H-1B, ile viza ya kazi, ni ya kazi zinazodai digrii ya kwanza, na kazi ya RT bado hufanywa na mwenye diploma ya miaka miwili. Mwongozo huu unamfaa zaidi aliye tayari Marekani kihalali: mwenye grini kadi, aliyeshinda bahati nasibu ya DV, mkimbizi, au aliyekwisha kuwa raia.

Na kama wewe ni nesi uliyesajiliwa nyumbani, ushauri wangu ni huu, na hauwafurahishi watu: usisomee RT. Peleka vyeti vyako vikatathminiwe, fanya NCLEX (mtihani wa leseni ya unesi), uwe nesi wa Marekani. Njia ni fupi na milango ni mingi. Ukishaingia ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kama nesi utazigusa mashine hizi hizi.

Hatua 1: Iangalie kazi kwa macho yako

Kama wewe ni CNA hospitalini, umeshawaona. Mfuate mmoja wakati wa mapumziko, muombe umwangalie zamu moja kupitia ofisi ya elimu ya hospitali. Kama uko nyumba ya wazee, tafuta zile zenye wagonjwa wa mashine za kupumulia za muda mrefu. Zamu nyingi ni za saa 12, siku tatu kwa wiki, na anayeanza mara nyingi hupewa usiku.

Hatua 2: Chagua shule yenye ithibati ya CoARC

CoARC ndicho chombo kinachozithibitisha programu za upumuaji Marekani. Ukihitimu shule ambayo haimo kwenye orodha yao, huwezi kukalia mtihani wa NBRC (bodi ya taifa inayowatahini RT), na bila mtihani huna leseni. Usimuulize mtu wa kupokea wanafunzi kama shule "imesajiliwa". Kila shule imesajiliwa na mtu fulani. Nenda kwenye tovuti ya CoARC, chagua jimbo lako, uone jina la shule limeandikwa pale.

Hapo hapo CoARC huweka matokeo ya kila programu: wangapi walimaliza, wangapi walifaulu kupata RRT (cheti cha juu cha RT), wangapi walipata kazi. Soma hayo kabla ya kuangalia picha za majengo. Komyuniti koleji (chuo cha umma cha miaka miwili) ya mtaani kwako inayotoza dola elfu chache kwa mwaka mara nyingi huwa na matokeo mazuri kuliko shule ya biashara yenye matangazo kwenye basi, inayokutoza mara tano na kukuwekea mkopo juu.

Diploma au digrii? Tangu 2018 CoARC haipokei maombi ya programu mpya za diploma. Kila inayoanzishwa lazima itoe digrii ya kwanza au zaidi. Za zamani za diploma zinaendelea, na leseni wanayopata wahitimu ni ile ile. Ushauri wangu: anza na diploma komyuniti koleji, upate kazi, halafu umalizie digrii mtandaoni, mara nyingi kwa msaada wa ada kutoka kwa mwajiri.

*Tahadhari.* Zipo programu za mtandaoni zinazotangazwa kama digrii ya upumuaji. Nyingi kati yake ni za kumwongezea elimu mtu ambaye tayari ni RRT. Watu hujiandikisha, wakalipa muhula mzima, ndipo wanagundua hazina mafunzo ya wodini na haziwapeleki popote. Uliza swali moja tu: "Nikimaliza programu hii nikiwa sina leseni yoyote, nitaweza kukalia TMC?" TMC ndio mtihani wa kwanza wa NBRC. Jibu lisipokuwa ndiyo ya moja kwa moja, ondoka.

Hatua 3: Peleka vyeti vya nyumbani vikatathminiwe

Piga simu shuleni uulize wanakubali kampuni gani ya tathmini. WES na ECE zinajulikana, lakini kila shule ina orodha yake. Omba tathmini ya kozi kwa kozi ikiwa ulifika chuo, kwa sababu ile ya jumla inasema tu kwamba una elimu sawa na ya high school, na unapoteza Kiingereza, hesabu au saikolojia uliyokwisha kuisoma.

Chuo chako cha nyumbani huenda kikatakiwa kutuma transkripti moja kwa moja kwenye kampuni, kwa bahasha iliyofungwa na muhuri au kwa barua pepe rasmi. Hapo ndipo miezi hupotea. Usitume ombi na kukaa kusubiri. Mtume ndugu aende ofisi ya masjala mwenyewe, akae kwenye benchi mpaka apewe. Kazi hiyo barua pepe haiwezi.

Hatua 4: Maliza kozi za awali

Shule nyingi hudai Anatomia na Fiziolojia ya kwanza na ya pili, kemia, mikrobaiolojia, aljebra ya chuo, Kiingereza cha kuandika, na saikolojia. Nyingine huongeza istilahi za tiba. Pata orodha ya shule *yako*, kwa maandishi, kabla ya kulipia kozi hata moja.

Anatomia na Fiziolojia ndiyo mchujo. Nafasi ni chache (darasa la upumuaji mara nyingi ni watu 15 hadi 30 kwa mwaka mzima) na wanaochaguliwa hupangwa kwa alama za sayansi. C inahesabika kuwa umefaulu, lakini haikupi kiti. Ukifanya kazi saa 60 kwa wiki na kuchukua Anatomia na kemia muhula mmoja, utapata C mbili na utakuwa umejifungia mlango mwenyewe. Chukua moja. Pata A.

*Tahadhari.* Shule nyingi huweka ukomo wa kozi za sayansi, mara nyingi miaka mitano au saba. Kama ulisoma Anatomia zamani, uliza bado inahesabika.

Hatua 5: Fedha

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, mapema. Wenye grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanastahili. Mwenye F-1 hastahili. Pell Grant, ambayo hairudishwi, ilikuwa na kiwango cha juu cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25, na kwenye komyuniti koleji nyingi hiyo inafunika ada na kubakiza kidogo cha vitabu. Ada ya mkazi wa jimbo kwa kawaida hudai uwe umeishi pale miezi 12, kwa hiyo usihame jimbo wiki chache kabla ya kuanza kwa sababu binamu amekwambia Texas kuna kazi.

Swali linalofuata huwa ni pesa za kutuma nyumbani. Waambie wazazi na wadogo zako mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba kwa miaka miwili mtiririko utapungua. Wanaojaribu kuficha huishia kuongeza zamu katikati ya muhula, na shule ndiyo inayolipa.

Hatua 6: Omba nafasi

Shule nyingi hupokea maombi mara moja kwa mwaka. Baadhi hudai TEAS au HESI, mitihani ya kusoma, hesabu na sayansi. Kwenye usaili watauliza kwa nini upumuaji. Usiseme "napenda kusaidia watu", wamelisikia mpaka masikio yamechoka. Sema ulichokiona zamu ile uliyomfuata RT.

Hatua 7: Chanjo, kipimo cha TB na karatasi za wodini

Ukishachaguliwa utapewa orodha: surua, tetekuwanga, homa ya ini B, pepopunda, mafua, kipimo cha dawa za kulevya, uchunguzi wa rekodi za polisi, na kozi ya BLS ya kuokoa maisha.

Hapa sisi tuna jambo letu. Kama umezaliwa Tanzania au Kenya, karibu hakika ulichomwa BCG ukiwa mchanga na kovu unalo. Kipimo cha TB cha kuchoma ngozini kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo tu, nawe ukaanza kuzungushwa. Omba kipimo cha damu cha IGRA, kinachojulikana sana kwa jina la QuantiFERON. Hicho hakidanganywi na BCG. Kikitoka chanya, utapigwa eksirei ya kifua. Ikiwa safi, maana yake ni TB iliyolala, ambayo haiambukizi, na kuna dawa za miezi mitatu au minne. Usikimbie na usifiche. Kwa kazi utakayofanya, uso wako ukiwa sentimita chache kutoka kwa mtu anayekohoa, ni vizuri ujijue.

Homa ya ini B nayo usisubiri. Chanjo za kawaida ni tatu kwa miezi sita, na wodi haikupokei kwa ahadi.

Hatua 8: Mwaka wa kwanza, anza na hesabu

Shule itakufundisha nadharia. Mimi nitakupa vitu vitatu vya kuvizoea kabla hujaingia darasani, kwa sababu wanaovikuta mara ya kwanza mle ndani huachwa nyuma.

Kwanza, mtungi wa oksijeni. Marekani ni wa kijani, si ule mweusi wenye mabega meupe tuliouzoea. Mtungi mdogo wa kusafirishia mgonjwa, saizi E, una namba yake ya kuzidishia: 0.28. Ukisoma geji ikasema 2,000, na mgonjwa anatumia lita 4 kwa dakika: toa 500 za akiba, zinabaki 1,500, zidisha kwa 0.28, unapata lita 420. Gawanya kwa 4. Una dakika 105. Kama eksirei iko jengo la pili na lifti inachelewa, hesabu hiyo ndiyo inayokuambia ubebe mtungi wa pili. Ifanye mpaka uweze kuifanya ukitembea.

Pili, pumzi ya mashine. Kiasi cha hewa hupangwa kwa urefu wa mgonjwa, kamwe si kwa uzito wa mizani. Mtu akinenepa mapafu yake hayaongezeki. Kwa mwanamke: 45.5, ongeza 2.3 kwa kila inchi inayozidi futi 5. Kwa mwanaume unaanza na 50. Mama wa futi 5 na inchi 2 anapata kilo 50, hata kama mizani inasema 110. Kwa mililita 6 kwa kilo, unampa 300. Ukitumia uzito wa mizani utampa 660 na kumpasua mapafu. Utafiti mkubwa wa ARDSNet wa mwaka 2000 ulilinganisha mililita 6 na 12 kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyoharibika vibaya: waliopata 6 walikufa asilimia 31, waliopata 12 karibu asilimia 40. Kwa hiyo tembea na futi ya kupimia mfukoni. Urefu ulioandikwa kwenye chati mara nyingi ni wa kukisia.

Tatu, gesi za damu. pH 7.35 hadi 7.45. Kaboni dioksaidi 35 hadi 45. Baikaboneti 22 hadi 26. Zikariri kama namba ya simu ya nyumbani, halafu fanya mifano kumi kila usiku. Na ujue hili mapema: kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni huweza kusoma juu zaidi ya ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika nyuma ya namba nzuri ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya wazungu. Namba ikisema 93 na mgonjwa anahema kwa mabega, amini mabega, omba gesi za damu.

Hatua 9: Wodini

Mafunzo ya vitendo huanza saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, hospitali tofauti kila muhula. Fika kabla ya makabidhiano ya zamu. Dakika tano za kuchelewa zinaandikwa, na zikirudiwa unatolewa kwenye programu. Msamaha wa foleni ya magari haupo.

Ujuzi utakaokuogopesha ni wa kutoa damu kwenye ateri ya kifundo cha mkono. Fanya hivi. Kwanza bana ateri zote mbili za kifundo, mwambie mgonjwa akunje ngumi na kufungua mpaka kiganja kipauke, kisha achia ile ya upande wa kidole kidogo. Rangi ikirudi upesi, mkono una damu mbadala na unaweza kuendelea. Kunja taulo uliweke chini ya kifundo. Tafuta mapigo kwa vidole viwili, polepole, bila kukandamiza, kwa sababu ukikandamiza unayapoteza. Ingiza sindano kwa pembe ya nyuzi 45 ukielekea yanakotokea mapigo. Damu ya ateri hupanda yenyewe kwenye bomba, usivute. Ukitoa sindano, bana kwa dakika tano ukiangalia saa, na zaidi kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Toa mapovu ya hewa kwenye sampuli mara moja. Wengi hukosea kwenye kubana: wanambandika pamba, wanakimbilia maabara, na mgonjwa anabaki na mkono uliovimba mweusi.

Lakini kinachowaangusha wetu si sindano. Ni mdomo. Tumelelewa tusibishane na mkubwa, na daktari ni mkubwa. Kwenye kazi hii ukinyamaza mgonjwa anaumia. Daktari akiandika oksijeni ya kufikisha asilimia 99 kwa mzee wa COPD, ni wewe unayetakiwa kusema kwamba huyu hulengwa 88 hadi 92, kwa sababu ikizidi kaboni dioksaidi inampandia. Jifunze sentensi yenye mpangilio: wewe ni nani, mgonjwa ni nani, nini kimebadilika, unaonaje, unaomba nini. Kwa mfano: "Mimi ni mwanafunzi wa upumuaji, naongelea mgonjwa wa chumba cha 12. Ndani ya saa moja kaboni dioksaidi imetoka 52 hadi 68 na pH imeshuka hadi 7.28. Naona anachoka. Naomba tumuweke kwenye BiPAP." (BiPAP ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa.) Sentensi hiyo ifanyie mazoezi kwa Kiingereza, kwa sauti, ndani ya gari. Wanafunzi wenye lafudhi nzito kuliko yako wanasikilizwa, kwa sababu wanaanza na namba.

Na ukiwa hujaelewa ulichoambiwa, rudia ulivyosikia. "Umesema mililita 350?" Kuitikia "sawa" kwa adabu wakati hujasikia ndiyo adabu mbaya kuliko zote ICU.

Hatua 10: Mtihani wa NBRC

Kwa muundo uliozoeleka kuna mitihani miwili. TMC ni maswali 160 ya kuchagua kwa saa tatu, na 140 tu ndiyo yanayohesabiwa. Ina mistari miwili ya kufaulu. Ukivuka wa chini unapata cheti cha CRT. Ukivuka wa juu unaruhusiwa kukalia CSE, mtihani wa kuigiza wagonjwa, visa 22 kwa saa nne. Ukifaulu huo unakuwa RRT. NBRC hutoa kijitabu cha mtahiniwa. Soma cha mwaka unaofanya wewe, si picha za skrini za aliyekutangulia, kwa sababu muundo hubadilishwa.

Usiridhike na CRT. California imeanza kudai RRT kwa leseni mpya tangu 2015, na hospitali nyingi za majimbo mengine hazimwiti CRT kwenye usaili.

CSE huwaangusha watu waliokuwa wa kwanza darasani. Pale hupewi maswali, unapewa mgonjwa. Sehemu moja inakwambia chagua taarifa unazozihitaji. Nyingine inakwambia chagua hatua moja. Anayeogopa kukosa huchagua vipimo vyote, na kila kisichofaa kinamkata alama. Jiulize: nikiwa peke yangu chumbani na mgonjwa huyu, ningegusa nini kwanza? Anayekaribia kuzimika humwagizii CT. Fanya mtihani ndani ya wiki chache baada ya kuhitimu, kabla zamu za kazi hazijakula kumbukumbu.

Hatua 11: Leseni na kazi ya kwanza

Majimbo yote hudai leseni isipokuwa Alaska. Utatuma alama za vidole, transkripti na uthibitisho wa NBRC. Baadhi ya majimbo hutoa kibali cha muda cha kufanya kazi unaposubiri. Ulizia miezi miwili kabla ya kuhitimu. Hospitali uliyofanyia mafunzo ndiyo inayokuajiri kirahisi, kwa hiyo wodi zile zote ulizopita zilikuwa usaili.

Pakitokea tatizo

*Umenyimwa nafasi.* Omba kukutana na mkurugenzi wa programu na uulize ulikuwa wa ngapi na ulipungukiwa na nini. Mara nyingi ni alama moja ya sayansi. Irudie hiyo tu, huku ukiomba shule ya pili.

*Chuo cha nyumbani hakijibu au kimefungwa.* Waandikie wizara ya elimu au baraza la mitihani (NECTA, KNEC) wathibitishe ulichonacho. Isipowezekana, fanya GED, mtihani unaokupa cheti sawa na cha high school. Ni miezi michache na inamaliza mjadala, ingawa najua inauma kwa mtu mwenye kidato cha sita.

*Umefeli kozi moja ndani ya programu.* Mwambie mwalimu kabla ya matokeo ya mwisho. Kozi zinafuatana, na kufeli moja kwa kawaida kunakurudisha mwaka mzima kwa sababu hufundishwa mara moja. Uliza kwa maandishi kama kiti chako kitatunzwa.

*Mkufunzi wa wodini anakudharau.* Andika tarehe, saa na maneno aliyosema. Peleka kwa mratibu wa mafunzo ya vitendo, usibishane naye mbele ya mgonjwa. Kama anasema huelewi Kiingereza, muombe mratibu akupime yeye mwenyewe.

*Umevuka mstari wa chini wa TMC tu.* Pokea CRT, omba leseni kama jimbo lako linairuhusu, ingia kazini, halafu rudia TMC. Kwenye ripoti utaona sehemu ulizoanguka. Soma hizo, usianze kitabu upya.

*Umefeli CSE.* Nunua mtihani wa majaribio wa NBRC wenyewe, ufanye na mtu pembeni, na kila unapochagua kitu mwambie kwa sauti kwa nini. Ukishindwa kusema sababu, usikichague.

*Leseni imekwama.* Karibu kila mara ni jina. Linganisha herufi kwa herufi jina la transkripti, la NBRC na la kitambulisho, kisha upigie bodi simu saa mbili asubuhi wanapofungua.